Yule DJ wetu wa sizoni za Kikorea amevuka mipaka sasa, eti HELA YA SALUNI???

Wakuu salamu baadae, nina hasira mpaka chai imepoa. Jamaa mnamjua, simtaji, yule anayecheka kabla hajachekesha. Jana usiku nimetulia zangu na sizoni ya Goryeo, ule ufalme wa zamani wa Korea, tumefika pale Malkia Daemok anamwomba mumewe Gwangjong afute ile sheria ya 956 ya kukagua watumwa, ukumbi kimya, mama machozi yanamtoka, na mimi yananitoka, jamaa anatafsiri "mume wangu naomba hela ya saluni". SALUNI!

Huyu ni binti wa Wang Geon mwenyewe, aliyeanzisha Goryeo mwaka 918, mzee wa wake 29 na watoto 34, yani kukumbukwa jina tu kwenye nyumba ile ni kazi, akaolewa na Gwangjong, akabeba ukoo wa mama yake, Hwangbo, watu wazito wa Hwangju, mume akakalia kiti 949, mtoto wao Gyeongjong akarithi 975. Binti wa mfalme, mke wa mfalme, mama wa mfalme, ndo akose hela ya kusuka? Nimerudisha nyuma mara sita nikidhani masikio yangu mabovu. Saluni. Na mfalme kamwita bebi, hilo hata siligusi.

Kibatari: Unamlilia mtu wa miaka elfu iliyopita na ada ya mtoto hujalipa

MzeeWaKupekua: Mleta uzi unajua lakini alikuwa anaombea nini? Ile sheria iliwaachia huru waliotiwa utumwani kwa dhuluma, mabwana wakubwa wakawa wanakosa watu wa kulima na wa kushika silaha. Mama anatetea wenye mali wenzake, mume kamtolea nje. Bora angeomba hiyo ya saluni

Mleta uzi: Sijasema alikuwa sahihi mkuu, nimesema SALUNI

ShangaziMkali: Ngoja kwanza, si Gwangjong naye ni mtoto wa huyo huyo Wang Geon??

MzeeWaKupekua: Ndiyo shangazi, baba mmoja mama tofauti, ndo maana binti anabeba ukoo wa upande wa mama. Ufalme hautoki nje. Huyo Gyeongjong naye kaoa mabinti wa mjomba wake, mtu na dada yake

ShangaziMkali: Nimezima simu

Kibatari: Umezima na unaandika

DerevaMstaafu: DJ wenu ana nafuu, wa huku kwetu kila farasi akipita anasema bodaboda

Chumvi_Kiasi: Mnalia na tafsiri, mie flashi niliyojaziwa epi ya 18 iko mara tatu, ya mwisho haipo, nikarudi kibandani nimekuta wanauza ndizi

DerevaMstaafu: Kile cha karibu na stendi? Kanilia buku yangu

Chumvi_Kiasi: Hicho hicho!! Ana kofia ya kijani?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye saluni

ShangaziMkali: Ehee, rasta za kawaida siku hizi wanasuka bei gani