Wakala wa akili mnemba anachanganya saa na kukata tiketi mara mbili: maelezo ya zana yaandikweje?

mjenzi_mifumo
Wakuu, nina zana 3 za mfumo wa tiketi za mabasi, zimeunganishwa na wakala wa akili mnemba kupitia MCP (itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje): tafuta_safari, pata_safari na kata_tiketi. Abiria akiandika "Dodoma kesho saa 12 asubuhi", wakala anatafuta basi la 12:00, yaani saa 6 mchana. Safari_id (namba ya kutambulisha safari) mara nyingine anaibuni. Na mtandao ukikwama, abiria mmoja anakatiwa tiketi 2. Maelezo ya kata_tiketi kwa sasa ni "Hukata tiketi." Nirekebishe maelezo au msimbo?

skima_kwanza
Vyote viwili, ila anza na maelezo. Modeli haioni msimbo wako. Inaona jina la zana, maelezo yake na skima ya JSON (orodha ya vigezo, yaani taarifa ambazo zana hupokea, na aina zake), basi. Hakuna mahali ulipoiambia safari_id inatoka wapi, ndiyo maana inajaza ya kubuni. Andika hivi:

"Hukata tiketi 1 ya basi na kutoza nauli. Itumie baada tu ya abiria kuthibitisha safari na nauli. safari_id lazima itoke kwenye majibu ya tafuta_safari, usiibuni. Usiitumie kuulizia bei au nafasi. Hurudisha namba ya tiketi na ya kiti."

Hiyo sentensi ya "usiitumie" wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha zana zinazokaribiana. Tukija kwenye majina, tafuta_safari na pata_safari hata mtu angezichanganya. Kama ya pili inaonyesha viti vilivyobaki, iite onyesha_viti.

saa_za_kwetu
Kwenye saa, kosa liko kwenye kigezo chako. Kama kinaitwa "saa" na aina yake ni maandishi, "12" inapita bila kuulizwa. Kiite muda_wa_kuondoka, kisha maelezo yake yaseme: "Muda kamili wenye tarehe, mfano 2026-03-14T06:00:00+03:00. Abiria hutaja saa za Kiswahili: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 3 usiku ni 21:00. Asipotaja asubuhi, mchana au usiku, muulize."

Ongeza mfano wa usiku wa manane, maana hapo tarehe nayo inapotea: saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi ni 03:00 ya Jumamosi, si ya Ijumaa.

Usitegemee "format" ya skima (sehemu inayotaja muundo wa thamani, mfano tarehe na saa) peke yake. Vikaguzi vingi huichukulia kama maelezo tu na kuipitisha thamani mbovu, kwa hiyo kagua kwenye seva. Vituo viwe orodha funge ya enum (thamani zinazoruhusiwa tu), na nauli iitwe nauli_shilingi ili pasiwe na swali la senti.

kamba_mbili
Tiketi 2 hazizuiliki kwa maelezo. Wakala asipopata jibu hujaribu tena, na hiyo ni tabia sahihi. Seva ndiyo haijui kwamba ombi ni lilelile. Usimwachie modeli atunge ufunguo wa ombi (alama ya kutambua kwamba ombi ni lilelile), maana kwenye jaribio la pili anaweza kutunga mwingine. Weka zana ya shika_kiti inayopokea safari_id na kurudisha oda_id (namba ya oda), kata_tiketi ipokee oda_id hiyo. Ikija mara ya pili, rudisha tiketi ileile.

Halafu angalia makosa yako yanasemaje. "Hitilafu 400" haimsaidii. "safari_id haipo. Ita tafuta_safari kwanza, kisha tumia id iliyorudishwa" inamfanya ajirekebishe mwenyewe. Kwenye MCP kosa lirudishe ndani ya jibu la zana pamoja na isError: true (alama kwamba jibu ni la kosa), ili modeli ilisome.

Ukishabadilisha, andika sentensi 30 za abiria kama wanavyoandika kweli, na vifupisho vyao, uangalie zana ipi imeitwa na kwa vigezo gani. Badilisha kitu kimoja kila mara, la sivyo hutajua kipi kimeponya.

mjenzi_mifumo
Asanteni sana. Kanuni ya saa ikae kwenye kigezo, au kwenye maelekezo ya jumla ya wakala?

saa_za_kwetu
Kwenye kigezo, mkuu. Kesho zana hiyohiyo ikiunganishwa na wakala mwingine, kanuni inakwenda nayo. Tarehe ya leo ndiyo ikae kwenye maelekezo ya jumla, ijazwe upya kila mazungumzo yanapoanza. Bila hiyo "kesho" ya abiria haina pa kuanzia kuhesabiwa.