Mrejesho: nilichukua kamera ya Canon 80D, Sony nikaiacha

Wadau, mwezi jana niliuliza nichukue Canon 80D au Sony a6000, zote za mtumba, kwa kazi ya harusi. Asanteni sana. Aliyeniambia nimulike lenzi kwa tochi ya simu, Mungu akubariki: ya kwanza niliyoonyeshwa mjini ilikuwa na ukungu ndani, kama utando wa buibui. Nikaondoka. Duka la pili nikapata safi. Jumamosi nimepiga harusi Buruburu kutwa nzima kwa betri moja, na chaji ikabaki. Lakini kelele ya shata, ile pazia ya ndani inayofunguka na kufunga kila ukipiga picha! Hata kwenye modi ya kimya, padri aligeuka mara mbili. Tena sikukagua pale flashi inapokaa. Pamelegea, sasa iko kwa fundi.