Mashine ya kuosha vyombo haitoi maji: niitengeneze mwenyewe, nimwite fundi au ninunue ya mtumba?

Nyegezi_Kwetu
Mwangaluka wanajukwaa. Naombeni mawazo, maana mimi na mama watoto tumebishana siku tatu na hatujafika popote.

Tuna mashine ya kuosha vyombo ya seti 12, aliyotuachia shemeji alipohamia Dodoma. Nyumbani tuko wanane na wageni kutoka Sengerema hawakauki, kwa hiyo kwetu hiyo mashine si pambo. Tangu wiki iliyopita inaingiza maji vizuri, inaosha, lakini ikifika kwenye kutoa maji inanguruma kidogo halafu inanyamaza. Nikifungua mlango nakuta maji machafu yametuama chini, kama vidole vinne hivi.

Fundi wa kwanza alikuja, akausikiliza huo mngurumo, akasema pampu imekufa. Anataka 140,000 ya pampu kutoka Dar na 60,000 ya ufundi, nisubiri wiki. Hakufungua hata skrubu moja. Upande wa pili kuna jamaa mjini anauza mashine ya mtumba kwa 700,000, anasema imetoka Ulaya. Mama watoto anaitaka hiyo. Mimi nina bisibisi, plaizi na maltimita (mita ya kupimia umeme) niliyonunua nilipokuwa nafunga sola, na roho inaniambia nifungue mwenyewe. Aliyewahi kupita njia mojawapo anieleze ilivyokuwa.

MamaKulwa
Pole baba. Mimi nasema fundi, ila si huyo. Mtu ambaye hajafungua mashine amejuaje kilichokufa?

Ya kwangu ilipogoma mwaka juzi, mume wangu aliifungua mwenyewe. Akachomoa nyaya bila kuziwekea alama, akarudisha moja pasipo pake, bodi ya umeme inayoiongoza mashine ikaungua. Tulichokuja kumlipa fundi kilikuwa mara tatu ya bei aliyotutajia mwanzo. Kwa hiyo tafuta anayekubali kukuandikia dhamana ya mwezi mmoja, na mwambie akukabidhi kifaa cha zamani alichokitoa. Anayekataa hilo la pili, mwache aende.

Fundi_Mabatini
Mama Kulwa hapo kwenye kufungua kwanza amesema kweli. Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia. Za vyombo zinanijia chache, ila pampu ya kutoa maji ni ileile kwa namna inavyofanya kazi.

Mkuu, pampu iliyokufa koili, yaani ule waya uliozungushwa ndani ya mota, huwa kimya kabisa. Inayonguruma inapata umeme na inataka kuzunguka, lakini kuna kitu kimelishika lile pangaboi dogo ndani yake. Mara nyingi nakuta mfupa, kijiti cha kuchokolea meno, kipande cha glasi au lebo ya chupa. Kabla ya kutoa hata shilingi fanya hivi.

Chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa swichi ya mashine hakutoshi, maana hita ya humo ndani ni ya wati 1,800 hadi 2,000 na zaidi, na unakwenda kuingiza mkono kwenye maji. Funga koki. Toa kikapu cha chini, chota maji kwa kikombe, mabaki yakaushe kwa kitambaa. Zungusha chujio litoke. Chini yake kuna kishimo, na pembeni ya kishimo kuna kifuniko kidogo cha plastiki kinachoziba pampu. Kwenye mashine nyingi kinatoka kwa kubanwa na kuvutwa, nyingine kina skrubu moja. Vaa glovu, usipapase kwa vidole vitupu, kipande cha glasi humo ndani kinakata kama wembe. Tumia tochi na plaizi ya mdomo mrefu.

Ukishatoa uchafu, zungusha pangaboi kwa kijiti. Halitazunguka laini kama feni, litakwenda kwa kurukaruka kwa sababu ndani kuna sumaku. Wengi wakiona hivyo wanadhani bado limekwama. Likizunguka duara zima kwa mirukomiruko hiyo, ni zima.

Kama bado haitoi maji baada ya hapo, ndipo upime koili, ukiwa umechomoa soketi ya pampu, pale nyaya zake zinapoungana. Nyingi za volti 230 zinasoma kati ya omu 100 na 250. Mita isiposoma kitu, koili imekatika na pampu mpya haikwepeki. Na piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote, hicho ndicho kilichomponza mume wa Mama Kulwa.

Kwa hiyo hizo njia zako hazipaswi kuwekwa mizani moja. Kuangalia mwenyewe kunakula saa moja na hakukuzuii kwenda kwa fundi kesho. Ukishatoa 700,000, hairudi.

Kirumba_Mwaloni
Naongea kuhusu mtumba tu, maana ndiyo niliyopitia.

Usinunue kabla hujasoma kibati cha mashine, kiko ukingoni mwa mlango. Kikiandika volti 120 na hezi 60, hiyo imetoka Marekani. Kwetu ni 230 na 50. Utanunua transfoma kubwa ya kushusha umeme, na pampu zake zitakwenda taratibu zaidi kwa sababu mzunguko wa mota hizo unafuata hezi. Muuzaji wangu hakuniambia na mimi sikuuliza. Iko stoo mpaka leo naweka ndoo juu yake.

Kikiwa sawa, mwambie aiwashe mbele yako na maji yaingie. Asikuwashie taa tu. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango wote, hasa pembe za chini. Mulika sakafu ya ndani na reli za vikapu uone kutu. Mashine iliyokaa bohari miaka miwili bila maji huwa mipira ya pampu imekauka, itaanza kuvuja wiki ya kwanza.

Isamilo_Juu
Kabla ya kununua yoyote, pima urefu wa tenki lako. Nasema hivi kwa sababu hapa Mwanza wengi tunategemea tenki, maji ya bomba yanakuja kwa mgao.

Mashine nyingi zinataka presha ya baa 0.3 kwenda juu ili valvu ya kuingiza maji ifunguke ipasavyo. Mita 10 za kimo cha maji zinatoa baa moja, kwa hiyo baa 0.3 ni mita tatu, kuanzia valvu ilipo mpaka usawa wa maji ndani ya tenki. Tenki lililokaa kwenye kijukwaa cha mita mbili, likibaki robo, halifiki. Mashine inasubiri maji, inachoka, inazima na kuonyesha kosa, na mwenye nyumba anasema mashine ni mbovu. Huku milimani Mungu ametupa mawe: langu nimeliweka juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mita kama saba juu ya jiko, halijanisumbua hata siku moja.

Pale mpira wa maji unapoungana na valvu kuna kichujio kidogo cha wavu. Kitoe kila baada ya miezi michache ukisuuze. Mchanga wa tenki wote unaishia hapo.

Nyegezi_Kwetu
Wakuu, nashukuru sana. Isamilo, langu liko mita nne na maji yanaingia bila shida, kwa hiyo hilo nimelivuka. Jumamosi asubuhi nafungua. Nitaleta majibu.

DadaWaIgoma
Kaka, na sabuni unatumia gani? Nauliza kwa sababu vidonge vya mashine vilipokosekana, dada wa kazi alitia sabuni ya unga ya kufulia. Povu lilitoka mlangoni mpaka sebuleni na mashine ikagoma siku mbili. Mtu asitumie ya kufulia wala ile ya maji ya kuoshea kwa mkono, hata kijiko kimoja.

Nyegezi_Kwetu
Nimerudi. Jumamosi nimefungua kama alivyoelekeza Fundi.

Ndani ya pampu nimekuta mfupa wa sato umesimama wima katikati ya pangaboi, na kijiti cha meno kimeuzunguka. Chujio lilikuwa limewekwa tu bila kuzungushwa likabana, ndiyo maana vilipita. Kijana wangu ndiye huwa analisafisha, na kosa ni langu, sikuwahi kumwonyesha linavyofungwa. Mafuta ya sangara nayo yalikuwa yameganda kuzunguka kishimo chote, meupe kama mshumaa, nikayatoa kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Pangaboi likazunguka kwa kurukaruka vilevile ulivyosema. Koili nikaipima pia, omu 168.

Sasa shida mpya. Nimerudisha kila kitu, nimechomeka plagi, pampu imeanza kufanya kazi peke yake na haisimami. Sijabonyeza kitu. Hata nikifungua mlango inaendelea. Maji ndani hakuna tena, yametoka yote. Mama watoto ananiangalia tu. Je, nimeharibu bodi?

MamaKulwa
Chomoa plagi baba, uache hapohapo uite fundi. Hivi ndivyo ya kwetu ilivyoanza.

Fundi_Mabatini
Chomoa plagi, hilo sawa. Bodi usiifikirie kwanza. Nijibu kitu kimoja: uliiinamisha mashine?

Nyegezi_Kwetu
Ndiyo, niliivuta kutoka chini ya kaunta nikailaza upande ili nifikie soketi ya pampu kwa chini. Maji kidogo yalimwagika.

Fundi_Mabatini
Basi umeshapata jibu. Chini kabisa, chini ya hilo beseni la chuma, kuna sinia la plastiki, na ndani ya sinia kuna boya limekaa juu ya swichi ndogo. Kazi yake ni kulinda jiko lako lisifurike. Maji yakiingia kwenye sinia boya linapanda, swichi inabofya, valvu ya kuingiza maji inafungwa na pampu inaamriwa kutoa maji bila kusimama. Inafanya hivyo hata mlango ukiwa wazi. Mashine yako inadhani inavuja.

Ikiwa plagi imechomolewa, fungua ubao wa chini mbele, skrubu mbili tatu. Mulika. Utaona maji. Yanyonye kwa sponji, kisha muwe wawili muiinamishe taratibu kwa nyuma yaliyobaki yatoke. Iache wazi usiku mzima ikauke.

Ukishaiwasha, osha mara moja bila vyombo huku ubao wa chini uko wazi na umetandika gazeti. Gazeti likikauka mpaka mwisho, maji yalikuwa yale ya kuinamisha. Likilowa, tafuta linalovuja: kwanza mpira wa pampu uliyoigusa, kisha pembe za chini za mpira wa mlango. Ila swichi ya boya usiifunge kwa waya ili mashine ikubali kufanya kazi. Nimeshaona mtu amefanya hivyo, akarudi kutoka msibani Magu akakuta makabati ya jiko yamevimba.

Isamilo_Juu
Kwa wanaosoma baadaye: ule mpira wa kutoa maji machafu uinuliwe walau sentimita 40 kutoka sakafuni kabla haujashuka kwenye bomba, na usizidi mita moja. Ukiulaza chini, maji yanajitoa yenyewe wakati mashine inaosha. Ukiupandisha mno, pampu ndogo kama hiyo inahema.

Nyegezi_Kwetu
Fundi, Mungu akubariki. Kwenye sinia kulikuwa na maji kama glasi mbili. Tumeyatoa, imelala wazi usiku kucha, leo nimeiendesha bila vyombo na gazeti limebaki kavu. Usiku huu imeosha vyombo vya watu wanane, sufuria ya ugali ikiwemo, na imetoa maji yote.

Hesabu yangu, kwa atakayekuja na swali kama langu: glovu 3,000, sponji na mswaki vilikuwa ndani, na Jumamosi nzima imekwenda. Maltimita nilikuwa nayo. Ningemfuata yule fundi wa kwanza ningetoa 200,000 na pampu nzima ingetupwa. Mtumba wa 700,000 niliupitia jana kwa ajili ya kuridhisha moyo wa mama watoto. Kibati kilisema 230, sawa, lakini mpira wa mlango ulikuwa umepasuka pembe ya kushoto na muuzaji hakutaka kuiwekea maji.

Mama Kulwa, nilikuelewa, na pale pampu iliponigomea kusimama nilikaribia sana kukufuata. Ingekuwa bodi au hita, ningemwita mtu.

MamaKulwa
Nimefurahi baba, kweli kabisa. Sasa naomba nami nisaidiwe. Tumehamia Kisesa, tunatumia kisima cha kuchimba. Glasi zinatoka na ukungu mweupe, tulipokuwa Pasiansi na maji ya ziwa hazikuwa hivyo. Ni sabuni au mashine?

Fundi_Mabatini
Ni maji, mama. Ya ziwa ni laini, ya kisima huwa yanabeba chokaa kutoka kwenye mwamba. Ndani ya mashine yako, kwenye sakafu yake, kuna tundu lenye mfuniko mkubwa wa kuzungusha, ni la chumvi. Jaza chumvi ya mashine, ile ya mabonge. Ya mezani usitie, ni laini sana na inaganda. Kisha kwenye mipangilio pandisha kiwango cha ugumu wa maji, kitabu chake kinaonyesha vitufe. Glasi moja yenye ukungu iloweke kwenye siki dakika kumi. Ukungu ukitoka ilikuwa chokaa. Usipotoka, kioo chenyewe kimeshalika na hakirudi.

MamaKulwa
Hilo tundu nilidhani ni la kuwekea sabuni ya akiba. Naloweka glasi sasa hivi.