Kostiki imemuunguza kijana kiwandani: nani alipe?

FundiPampu, Jinja: Wakuu, kwenye kiwanda cha sabuni huku kwetu mpira wa pampu umechomoka, kostiki ya moto, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ikammwagikia kijana kifuani hadi mapajani. Klempu inayoubana mpira ilikuwa imeliwa na kutu na supavaiza aliambiwa. Sasa bosi anasema kijana hakuvaa eproni, fidia hakuna. Chombo kikiharibika, mzigo wa nani?

Karani_Namanve: Tuseme ukweli. Vibarua wakipewa gambuti leo, kesho ziko soko la Owino, Kampala, zinauzwa. Kampuni ifanyeje?

MamaWawili: Hiyo ya Owino imeniuma. Mume wangu alipewa gambuti zilizopasuka kisigino, kisha wakamkata mshahara. Sheria ya Uganda ya usalama kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa bure. Wewe kiwanda unakijua kwa kupita getini tu!

Karani_Namanve: Mama, nimeshika stoo. Nasema niliyoyaona.

Bodaboda_Busia: Gambuti baadaye. Kijana walimpaka nini? Huku kwetu wanakimbilia maziwa.

Nesi_Mstaafu: Maji jamani! Mvueni nguo, mmwagieni maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Msitie ndimu wala siki. Kostiki haiishii juu kama aina nyingi za asidi, inazama na kuyeyusha nyama. Ukiigusa ngozi iliyomwagikiwa inateleza, maana mafuta ya mwili yanageuka sabuni. Hospitali ya Kiruddu, Kampala, wana wodi ya walioungua, wampeleke huko.

FundiPampu, Jinja: Bomba lilikuwa kavu. Tulimmwagia maji ya jerikeni.

Wakili_Mbale: Eproni si hoja. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi inamtaka mwajiri alipe hata kama mfanyakazi alizembea. Peleka taarifa kwa afisa kazi wa wilaya, kwa maandishi, upesi.

Karani_Namanve: Kwa hiyo kila mtu ajimwagie alipwe?

MamaWawili: Mtu ajimwagie kostiki? Soma alichoandika nesi halafu urudie hilo swali!

Bodaboda_Busia: Mzee, hapo umekosea adabu. Kijana anaugua.

Karani_Namanve: Sijamtukana mgonjwa. Ila gambuti zilikuwepo stoo, zimejaa, hakuna aliyekuja kusaini.

MamaWawili: Saizi gani zilizobaki? Jibu hilo kwanza.