Majirani Nkuhungu, Dodoma: Jumamosi Yona anatoka

*ALHAMISI*

[18:07] Neema: Mbukwenyi majirani. Jumamosi saa tatu asubuhi kaka yangu Yona anataka kwenda uwanja wa kikapu wa shule, pale nyuma ya kanisa. Si mbali, ila kuna ule mtaro, halafu kuna mchanga wa mbele ya kwa fundi Saidi. Peke yangu siwezi kumvusha na kiti chake cha magurudumu. Naomba watu wawili wenye nguvu.

[18:09] Mjumbe: Mbukwa mwanangu. Tunamshukuru Mungu kama amefika hapo.

[18:10] Mama Asha: Jamani Yona anatoka! Mimi huwa namwona dirishani tu nikipita. Anakwenda kuangalia mechi?

[18:12] Neema: Hapana mama. Anakwenda kucheza.

[18:20] Mama Yona: Neema, hili tulilimaliza jana ndani. Mbona umelileta huku?

[18:21] Neema: Nisamehe mama. Yona ndiye kaniambia nililete.

[18:29] Yona: Ni kweli mama, ni mimi. Shikamoo. Shikamooni wazee wote. Nimekaa ndani miezi 14 sasa. Mmeleta unga, mmeleta sabuni, mmenilipia nauli za kliniki, sitasahau. Lakini mtu akija anakaa kwenye stuli, anasema pole, anatazama miguu yangu, anaaga. Siku hizi hata hao wamepungua na siwalaumu, maana pole ileile huwezi kuileta mara hamsini. Nataka tuwe na kitu kingine cha kutukutanisha. Kule kliniki ya mazoezi nimepata wenzangu watatu, wa uti wa mgongo kama mimi. Mmoja wa Chang'ombe, alianguka na bodaboda. Mama mmoja wa Veyula, pingili zake za mgongo ziliharibiwa na TB. Na mwalimu wa Kizota, yeye aliumia shingo, mikono inainuka ila vidole havishiki. Kila mmoja yuko ndani kwake anatazama bati. Tumekubaliana tukutane.

[18:31] Kulwa Bajaji: Kaka mimi nipo. Huyo wa Chang'ombe na mwalimu nitawapitia. Nauli sitaki.

[18:34] Mama Asha: Samahani nauliza kwa nia njema. Huo ugonjwa wa uti wa mgongo wa huyo mama hauambukizi? Watoto wetu wanacheza pale pale.

[18:41] Nesi Eliza: Umefanya vizuri kuuliza. Unayoifikiria ni homa ya uti wa mgongo, huo ni uambukizo wa utando unaofunika ubongo na uti, ni ugonjwa mwingine kabisa. Hawa uti wao umeumia. Huo uti ndio unaobeba taarifa za ubongo kwenda mwilini na kurudi, na ukikatika au ukiminywa, chini ya hapo mtu hasikii wala hachezeshi kiungo. Huyo mama wa Veyula TB ilimshika pingili, na dawa alishamaliza. Kaeni naye, mle naye, msiwe na hofu.

[18:42] Mama Asha: Asante nesi. Basi chai ya Jumamosi ni yangu.

[18:55] Mama Yona: Nyote mnafurahi na mimi naonekana mbaya. Nisikilizeni. Mwezi wa tatu tulimpeleka Mvumi kwenye msiba wa baba yake mkubwa. Akakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka mazishi yanaisha. Hasikii maumivu, kwa hiyo hakujua. Jioni namgeuza, naona wekundu kwenye kitako, mdogo, kama sarafu. Ule wekundu ukawa shimo. Miezi mitatu kalala kifudifudi. Usiku nilikuwa naamka kila saa mbili kumgeuza, nasafisha, naweka dawa, nalia jikoni asinisikie. Leo mnaniambia uwanjani, juani, na mpira.

[18:56] Mama Asha: 😢

[19:03] Nesi Eliza: Mama, hakuna hata mmoja humu anayekuona mbaya. Kidonda kile ndicho kinachoua watu wa uti wa mgongo wakisharudi nyumbani, kile na maambukizi ya mkojo. Hofu yako ina haki. Kilichoponza siku ile ya msiba ni kukaa bila kujiinua. Kwenye kiti inatakiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajinyanyue kwa mikono, au ainame mbele au pembeni, damu ipite. Asiyeweza anasaidiwa.

[19:05] Yona: Mama, ndiyo maana nataka uje. Uje na simu yako, uweke alamu. Ukisema tujiinue tunajiinua wote wanne, hata kama mchezo umenoga.

[19:06] Mama Yona: Nitafikiri.

[19:22] Shangazi Mvumi: Mimi kila nikipita chini ya ule mkwaju moyo unashtuka. Alipanda kuniangulia mimi. Tawi likakatika, tukamkimbilia, tukamkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili mpaka hospitali, kichwa kinaninginia. Hatukujua jamani. Hatukujua.

[19:30] Nesi Eliza: Shangazi pole. Wengi wanafanya hivyo kwa upendo. Niwaambie wote, maana huku kwetu watu wanaanguka kwenye mikwaju na mibuyu kila msimu: mtu akianguka akasema hasikii miguu au shingo inauma, msimkalishe, msimkunje. Mmoja ashike kichwa kisiyumbe, wengine wamgeuze mwili wote kwa pamoja kama gogo, mumlaze kwenye mlango au ubao mpana, ndipo mtafute gari la kumbeba akiwa amelala.

[19:31] Yona: Shangazi, mimi sikulaumu hata siku moja. Nitumie mbegu za ubuyu, nitakwambia za nini.

[19:48] Mjumbe: Mwanangu Yona, mimi ni mzee, nivumilie. Mchezo utamsaidia nini mtu asiyetembea? Nilidhani mngeanza na kikundi cha uzalishaji. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkijisajili mimi mwenyewe nawapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

[20:10] Yona: Mzee, nashukuru, na hiyo asilimia 2 tutaifuata. Ila kikundi cha watu ambao hawajawahi kukaa pamoja hakifiki mbali. Zamani mtu wa uti wa mgongo alikuwa analazwa tu, anasubiriwa vidonda na mkojo vimmalize. Mwaka 1944 daktari mmoja, Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya majeruhi wa vita kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akaamuru wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, vilevile anavyonifanyia mama. Halafu akawapa mipira na pinde, maana aliona mikono inapata nguvu, kiwiliwili kinajifunza kukaa bila kuegemea, na mtu anaanza kutaka kuamka asubuhi. Julai 29, 1948, siku ile ile Olimpiki inafunguliwa London, yeye aliwapanga kwenye majani ya hospitali watu 16 kwenye viti, wakashindana kulenga shabaha. Mwaka 1960 wakafika Roma, ndiyo Paralimpiki ya kwanza. Hayo ya kutaka kuamka asubuhi, mzee, ndiyo yananihusu mimi.

[20:14] Mjumbe: Nimekuelewa. Jumamosi nipo. Nitakuja na bao langu pia.

*IJUMAA*

[07:15] Fundi Saidi: Assalaam aleykum. Jana nililala mapema. Ule mtaro nimeupima, nalaza mabanzi mawili yenye kingo. Pale getini kwa Mama Yona kuna kizingiti cha sentimita 15, hicho ndicho kinachomfunga ndani. Nikiweka ubao mfupi kiti kitarudi nyuma kimwangushe. Hesabu ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo nahitaji ubao wa sentimita 180. Ninao. Hautatoka baada ya Jumamosi, naupigilia hapo hapo.

[07:16] Neema: Fundi Mungu akubariki. Miezi 14 namshusha kwa kumnyanyua.

[07:18] Yona: Na kwenye mchanga wa kwako, anayenisukuma akigeuze kiti anivute kinyumenyume. Tukienda mbele yale magurudumu madogo yanazama.

[07:40] Kulwa Bajaji: Kaka, kwa nini tusicheze kikapu chenyewe? Uwanja upo na ringi zipo.

[07:52] Yona: Siku moja, kaka. Ringi ni ile ile ya mita 3.05, hawakuishusha kwa ajili yetu. Kila mchezaji anapewa pointi kulingana na mwili unavyomruhusu, toka 1 hadi 4.5, na watano mlio uwanjani jumla yenu isipite 14, ili timu isiwaache nje walioumia zaidi. Nimekipenda sana hicho kipengele. Lakini viti vya mchezo vina magurudumu yaliyolala kwa ubavu, vinastahimili kugongana. Hivi vyetu ni miguu yetu. Kimoja kikivunjika mwenye nacho anarudi kitandani.

[07:53] Yona: Jumamosi tunacheza bocha. Ndiyo maana nimeomba mbegu za ubuyu.

[08:20] Mama Asha: Bocha ndiyo nini?

[08:31] Yona: Unatupa mpira mmoja mweupe mbele. Upande mmoja una mipira 6 myekundu, mwingine 6 ya bluu. Anayesogeza ya kwake karibu zaidi na mweupe ndiye anapata. Ni mchezo wa Paralimpiki toka 1984, na asiyeshika vizuri anacheza, kwa hiyo mwalimu hataachwa. Mpira una gramu 275. Neema anashona soksi, ndani tunajaza mbegu. Za shangazi hazitawahi, tunanunua hizi za sokoni Majengo kwanza. Mama Asha, tunaomba mzani wa dukani.

[08:33] Mama Asha: Njooni saa yoyote.

[08:50] Fundi Saidi: Nina bomba la maji la inchi nne, nitalipasua katikati. Mwalimu akishindwa kutupa, mpira unawekwa juu ya bomba, anausukuma kwa kiganja, unateleza wenyewe.

[12:16] Nesi Eliza: Jumamosi niko zamu, kwa hiyo nasema leo. Mama Asha, kikombe cha chai kisiwekwe mapajani kwa mtu, akimwagikiwa hasikii na ataungua vibaya. Kulwa, siti ya bajaji ikikaa juani inachoma, weka godoro dogo, na unapowahamisha muwanyanyue wawili, msiwaburute, ngozi inachubuka. Mwalimu awe kivulini muda wote, na chupa ya maji ya kumnyunyizia. Jeraha la shingo linazuia jasho chini ya pale palipoumia, mwili unapanda joto kama injini isiyo na maji.

[12:18] Kulwa Bajaji: Nimeandika yote nesi.

[21:02] Mama Yona: Nimepima ile mipira. Miwili ina gramu 260. Nimeifumua nimeongeza mbegu.

*JUMAMOSI*

[08:44] Neema: Tumevuka mtaro 🙏🏾

[08:45] Shangazi Mvumi: Nimepiga magoti huku.

[09:12] Fundi Saidi: Wote wanne wamefika. Yule mama wa Veyula kaletwa na mwanawe kwa guta.

[09:58] Neema: Nesi upo? Mwalimu anasema kichwa kinampasuka ghafla, uso umekuwa mwekundu anatoka jasho usoni, vinyweleo vimesimama

[09:58] Neema: Wanataka kumlaza kwenye mkeka

[09:59] Nesi Eliza: MSIMLAZE. Akae wima kabisa. Legezeni mkanda na vifungo. Tazameni mpira wa mkojo, ule mrija wa kwenda kwenye mfuko, umekunjika au mfuko umejaa. Haraka

[10:02] Neema: Mama kauona. Ulikuwa umebanwa chini ya paja. Kaunyoosha, mkojo unatoka mwingi

[10:03] Nesi Eliza: Mbaki naye. Presha yake ilikuwa inapaa, kwa jeraha la juu mwili unapiga kelele hivyo kibofu kikijaa. Kama kichwa hakipoi ndani ya dakika chache, Kulwa awashe mje hospitali mara moja.

[10:09] Neema: Kinapoa. Uso umerudi. Anaomba maji.

[10:10] Neema: Anauliza zamu yake ya kutupa imepita?

[10:12] Nesi Eliza: Apumzike kwanza. Halafu leo jioni nitaongea naye kuhusu mfuko, na wote mjifunze dalili zile. Kwa mtu wa shingo hazisubiri.

[13:40] Kulwa Bajaji: (picha 9)

[13:46] Mama Asha: Ile picha Yona kanyoosha mkono na mpira unaruka, naomba mnitumie pekee. Nimemwona yule Yona wa zamani aliyekuwa anapiga kelele akitazama mpira kibandani kwangu.

[13:50] Mjumbe: Yule mama wa Veyula kanifunga bao mara tatu. Anahesabu kete kwa macho tu. Naomba nauli ya guta lake Jumamosi ijayo iwe juu yangu.

[14:05] Yona: Mabega yanauma, na ni maumivu ninayoyasikia. Nimeshindwa na mwalimu mechi zote mbili. Amelisimamisha bomba la fundi kwenye pembe kali, mpira unakwenda moja kwa moja. Wiki hii nitafanya mazoezi uani.

[14:07] Neema: Ubao wa fundi upo, unaweza kutoka uani mwenyewe.

[14:08] Yona: Nimeshatoka. Niko hapa nje naandika.

[15:31] Mama Yona: Nimemkagua mwili mzima na kioo. Hakuna wekundu. Alamu ililia mara tisa na walijiinua mara tisa. Yule kijana wa Chang'ombe mto wake wa kiti umebonyea mpaka chini, anakalia ubao. Ana wekundu, nimemwonyesha dada yake namna ya kumlaza. Mwenye godoro la sponji asilolitumia aniletee nikate, kabla ya jioni tafadhali, maana yule hawezi kusubiri Jumamosi.

[15:33] Fundi Saidi: Ninalo la inchi nne. Naleta sasa hivi.

[15:35] Nesi Eliza: Mama, sponji limsogeze tu kwa siku hizi. Jumatatu aje kliniki tumtafutie mto wenyewe, na hadi wekundu uondoke asikae kabisa.

[15:36] Mama Yona: Nimemwambia. Kalala kwa ubavu.

[16:20] Shangazi Mvumi: Yona mwanangu, mbegu debe moja nimempa konda wa gari la saa kumi. Nimeziosha na kuzikausha. Neema awahi stendi, konda hasubiri.