Nibadilishe jina kwenye mradi wa programu huria, au nijitoe?

Fundi_Mwanjelwa: Wakuu habari, shikamooni wakubwa. Niko Mbeya, mchana natengeneza simu na kompyuta, usiku naandika msimbo (code) wa programu. Nachangia programu huria (open source, yeyote anaweza kuona na kurekebisha msimbo wake) ya hesabu za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za kahawa (jina lake silitaji). Ilikuwa inakata desimali: mkulima wa Mbozi akipima kilo 42.6, inaandika 42. Hiyo ni hela ya mtu! Nikarekebisha, nikatuma pamoja na majaribio ya kuthibitisha kuwa inafanya kazi.

Msimamizi akajibu mbele ya kundi zima: "Mrembo, shemeji ndiye kakuandikia?" Vicheko. Nikamwambia asome msimbo kwanza, akasema nina mihemko. Nikamfuata mwenzake inbox, naye: "Mvumilie dada, ndivyo alivyo, ila kichwa kile hatukipati kwingine." Baadaye kijana mmoja akatuma marekebisho yaleyale. Yakapita bila swali.

Sasa nifungue akaunti yenye jina la kiume, au niachane nao?

Soweto_Boy: Badili jina, maisha yaendelee. Hata sisi wanaume tunatukanwa huko. Torvalds, aliyeanzisha mfumo wa kompyuta wa Linux, katukana watu miaka na miaka, na Linux ndiyo inaendesha dunia.

Mama_Kihesa: Kaka, hadithi ya Torvalds umeiachia njiani. Septemba 2018 aliomba radhi kwa lugha yake, akakaa pembeni kwa muda, na mwezi huohuo Linux ikapata kanuni za mwenendo. Mbona haikufa? Halafu wewe ukitukanwa, linatukanwa kosa lako. Huyu kaulizwa mume.

Jina la kiume litamsaidia kweli, na hapo ndipo panaponiudhi. Utafiti wa 2017 kuhusu GitHub, mtandao wa kuweka na kuchangia miradi ya programu, ulikuta marekebisho ya wanawake wasiojulikana kwenye mradi yanakubaliwa zaidi kuliko ya wanaume, ilimradi jinsia isionekane. Ikionekana tu, yanashuka chini yao.

karani_mstaafu: Binti yangu, leseni ya programu huria inakuruhusu kuchukua nakala nzima ukaiendeleza mwenyewe. Na Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, inatunza jina na tarehe ya kila badiliko. Usifute tawi lako, yaani toleo lenye marekebisho yako.

Fundi_Mwanjelwa: Ndaga fijo, mzee wangu. Mama Kihesa, asante. Jina silibadilishi. Nakala nimeshachukua, na karani wa AMCOS moja kakubali kuijaribu msimu huu. Yule wa "mvumilie" kaniandikia leo, anataka nimsaidie sehemu ya ripoti, eti kichwa chao kimebanwa. Sijamjibu.

Kuna anayejua printa ya risiti inayoelewana na Linux? Ya karani imegoma.