Waandaaji wa maonyesho ya filamu Dodoma: tumelipa kuangalia filamu, si kuhudhuria sherehe yenu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaki kujifanya sina. Nawalenga wale wanaokodi kumbi za mikutano na za harusi hapa Dodoma, wanabandika mabango ya "uzinduzi wa filamu" kuanzia Nyerere Square mpaka Sabasaba, wanatuuzia tiketi, halafu tukishaingia ndani filamu yenyewe inakuwa kitu cha mwisho kabisa kwenye ratiba. Sitataja mwandaaji wala ukumbi, maana tatizo si la mtu mmoja. Aliyewahi kwenda anajua ninachosema.

Juzi tiketi ilisema saa 12 jioni. Saa 12 mafundi walikuwa bado wanavuta nyaya. Saa 1 mastaa ndio wakaanza kushuka kwenye magari: zulia jekundu, wapiga picha, mahojiano ya nguo umeshonewa na nani. Inakaribia saa 2, mgeni rasmi anaingia, tunaambiwa tusimame. MC anasema itifaki imezingatiwa, halafu hapo hapo anaanza kuwataja mmoja mmoja, na hapa makao makuu mnajua waheshimiwa walivyo wengi. Ikafuata risala. Neno la mdhamini. Neno la mlezi. Msanii akapanda kuimba juu ya wimbo wake mwenyewe uliorekodiwa. Ikaletwa keki, ikakatwa, wakalishana. Filamu ikaanza saa 3 na dakika 40 usiku.

Saa 3 na dakika 40! Kuna mama alikaa safu ya nyuma yangu na wanawe wawili, wameshapigwa na usingizi, akaamka kuondoka filamu haijafika hata robo kwa sababu anakaa Nzuguni na alikuwa anawaza usafiri. Kalipa viingilio vitatu. Aliangalia keki.

Na wala msiniambie huo ndio utamaduni wetu Watanzania. Wazee wetu walienda sinema na sinema ilikuwa na saa yake. Dar ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, na kuanzia 1966 ilikuwa na ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari kule Msasani. Unguja ilikuwa na Majestic na nyingine. Miji ya bara nayo ilikuwa na majumba yake, Jumapili watu wanavaa vizuri wanaenda kuona filamu ya Kihindi. Kwenye miji yenye majumba zaidi ya moja, mkanda mmoja wa filamu ulikuwa unatumika jumba zaidi ya moja usiku ule ule: kipande kikiisha hapa, kijana anakipakia kwenye baiskeli anakikimbiza kule. Jumba la kwanza likichelewa, la pili linakaa gizani watu wanapiga kelele. Kwa hiyo muda uliheshimiwa kwa sababu ya mitambo na kwa sababu ya watu. Leo filamu iko kwenye flashi ya ukubwa wa kidole, na bado mnachelewa saa 3 na ushee.

Sasa sauti. Hapa naomba mnivumilie nirefushe kidogo, kwa sababu ndipo penye kidonda.

Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi mara nyingi sauti yake imegawanywa kwenye njia 6, mafundi wanaita 5.1. Kuna kushoto, kulia, mbili za pembeni, moja ya mdundo mzito, na moja ya katikati. Hiyo ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya waigizaji kwa sehemu kubwa. Sasa mtu wa mitambo anakuja na laptopu yake, anachomeka waya mmoja kwenye mixa ya ukumbi, ile ile iliyopiga muziki wa harusi wikiendi iliyopita, na kinachopita kwenye ule waya ni kushoto na kulia peke yake. Matokeo yake muziki unatoka, mvua inatoka, mlango unabamizwa unausikia mpaka kifuani, lakini maneno ama hayatoki kabisa ama yanatoka kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Fundi akiona watu wanalalamika, anapandisha sauti yote. Muziki unazidi kututoboa masikio, maneno yako vile vile.

Kuna sehemu kwenye ile filamu mama yuko jikoni, anapunguza moto, anageuka kumweleza binti yake baba yake halisi ni nani. Filamu nzima imejengwa juu ya dakika ile. Tulisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa mezani. Tulisikia zeze likilia kwa mbali, na lilipigwa vizuri sana, aliyelirekodi Mungu ambariki. Midomo ya yule mama ikacheza mpaka mwisho na hatukuambulia neno. Wa pembeni yangu akaniuliza, "Kasemaje?" Nami sikuwa na la kumjibu. Yule binti akaanza kulia kwenye pazia, ukumbi mzima tunatazamana.

Dawa yake ni nini? Unaingia kwenye programu ya kuchezea video, unachagua sauti ishushwe kuwa stirio, maneno yanarudi. Ni kujaribu mchana, ukumbi ukiwa mtupu, mtu mmoja anakaa nyuma kabisa anasema nasikia au sisikii. Hamkuwa na nafasi ya kufanya hivyo mchana mzima, lakini maua ya meza kuu yalipangwa yakapangika.

Halafu watu wakitoka pale wanasema filamu za siku hizi hazieleweki, waigizaji wanamung'unya maneno, picha ni giza tupu. Mimi mwenyewe siwatetei watengenezaji kwa kila kitu. Ni kweli filamu nyingi za sasa, hata za Marekani zenye bajeti za kutisha, zina mazungumzo ya kunong'ona yaliyozikwa chini ya muziki, na matukio ya usiku usiyoweza kuona nani kamchoma nani kisu. Hilo lina uzi wake na nitalichangia. Ila mtu hawezi kumhukumu mpiga picha wakati taa za ukumbi zimeachwa zinawaka upande wa mbele ili kamera za waandishi zipate sura za wageni wakiangalia filamu. Projekta ile ile ya kuonyeshea slaidi za semina, taa zinawaka, pazia lina mikunjo. Giza lililokusudiwa na msanii linakuwa ujiuji wa kijivu.

Na picha ilikuwa imevutwa. Filamu imepigwa kwa upana ule wa sinema, upana unazidi kimo zaidi ya mara mbili, kwa hiyo ikionyeshwa sawasawa lazima kuwe na mistari myeusi juu na chini. Mtu mmoja pale mbele akaona ile mistari ni kasoro, akaagiza ijazwe pazia lote. Basi waigizaji wote wakarefuka nyuso, nyumba zikarefuka, gari likawa limesimama kama kabati. Kishale cha mausi kilikaa katikati ya pazia kwa muda mrefu sana. Kisha ikaingia meseji ya WhatsApp ya yule fundi, ukumbi mzima tukaisoma, mtu anamdai hela. Jamani, huyo naye ni mtu, kwa nini adhalilishwe mbele ya ukumbi kwa sababu mwandaaji hakumnunulia laptopu ya kazi hiyo?

Simu sitazisema sana, kila mtu anazijua. Ila nilichokiona juzi ni kwamba wanaoongoza kurekodi ni wa safu ya mbele, wale wa makochi, wengine wamo kwenye filamu yenyewe! Yuko laivu, tochi inawaka, anawaonyesha wafuasi wake filamu ambayo wenzake wamehangaika kuitafutia soko. Halafu kesho kutwa anahojiwa redioni analia wizi wa kazi za wasanii. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. Mnaanzaje kuidai mtaani wakati ndani ya uzinduzi wenu wenyewe hakuna hata mtu mmoja wa kusema zima simu?

Kilichonivunja moyo kuliko vyote ni mwisho. Kuna kijana alikaa safu yetu, mpole, kavaa shati limepigwa pasi, kaja na dada yake. Tulipokuwa tunasubiri alituambia yeye ndiye alishika maiki kwenye filamu ile, ni kazi yake ya kwanza, hajawahi kuona jina lake limeandikwa popote. Filamu ilipoisha, majina yakaanza kupanda. Akasimama na simu yake kuipiga picha ile sehemu yake ikifika. Waigizaji wakapita, mwongozaji akapita, wapiga picha wakaanza, na hapo hapo MC akadaka maiki, "Makofi tafadhaliiii!", DJ akaachia muziki, picha ikakatwa, ikawekwa nembo ya mdhamini. Kijana akabaki kasimama. Dada yake akamwambia kaa, kaka. Hivi kungekuwa na hasara gani kusubiri majina yaishe?

Nitawaambia nani anafanya vizuri kuliko hawa wenye mazulia. Kibanda umiza cha pale mtaani kwetu Chang'ombe. Mabenchi ya mbao, televisheni ya bapa, kiingilio 500. Asubuhi jamaa anaandika kwa chaki kwenye ubao nje: filamu ipi, imetafsiriwa au haijatafsiriwa, saa ngapi. Saa ikifika anafunga pazia la mlango na inaanza, hata mkiwa watano. Mtoto akileta fujo anatolewa. Simu ikiita anakuangalia mpaka unaona aibu. Kabla hajafungua anakaa benchi la nyuma asikie mwenyewe kama sauti inafika. Sisemi kibanda umiza ndiyo sinema, na hizo nakala zake sitaki kujua zinatoka wapi. Nasema yule mzee anajua kwamba aliyelipa 500 amekuja kuangalia filamu.

Najua wapo watakaoniambia ukitaka sinema ya maana panda treni uende Dar, Mlimani City. Mkuu, SGR ilipoanza 2024 nauli ya kawaida Dodoma kwenda Dar ilikuwa 31,000, kwenda na kurudi ni 62,000, bado tiketi ya sinema, bado pa kulala. Mwanafunzi wa UDOM ataweza? Mwalimu wa Ihumwa ataweza? Sensa ya 2022 imekuta watu zaidi ya laki 7 na nusu kwenye jiji hili. Hatuwezi wote kuwa tunasafiri kilomita zaidi ya 400 ili kusikia waigizaji wa Kitanzania wanasema nini kwa Kiswahili.

Na ninyi wenye filamu, waongozaji na maprodyuza, nanyi mna sehemu yenu. Mnakaa miezi mnahangaika na taa na rangi na sauti, halafu siku ya kwanza ya kazi yenu kuonekana mnaikabidhi kwa watu wa mapambo. Mwongozaji alikuwa mezani kuu juzi, nilikuwa namwona. Anaona nyuso zimerefuka, anajua maneno hayasikiki, na akakaa kimya kwa sababu mgeni rasmi alikuwa pembeni yake. Kaka, ungesimama. Ungesema samahani waheshimiwa, naomba dakika 5 turekebishe. Ukumbi mzima tungekupigia makofi, na huyo mgeni rasmi naye angeisikia filamu uliyomwitia.

Ninachotaka ni kidogo tu. Tenganisheni. Fanyeni sherehe yenu Ijumaa na keki na mastaa na waheshimiwa, wanaopenda waje. Jumamosi mtuwekee filamu peke yake, hata kwa bei ile ile: taa zizimwe, sauti imejaribiwa, majina yapande mpaka la mwisho. Na kwenye tiketi muandike saa ambayo picha ya kwanza inaonekana kwenye pazia, siyo saa ya kufungua mlango.

Nyongeza: Mliouliza kama tumerudishiwa hela, hapana. Nilimpigia aliyeniuzia tiketi, akaniambia "lakini si umeiona filamu?" Kama kuna aliyekuwepo na amepata majibu tofauti, aweke hapa. Na kama yule kijana wa maiki anapita humu, au kuna anayemfahamu, mwambieni anitafute inboksi. Nimemwandikia mwongozaji nikimwomba ampe hata picha ya ile sehemu ya majina, na amenijibu kwamba atampa.